Saa ya Mpiga King'ora

Benchi letu liko mbele ya meza yangu ya viatu, pale barabara ya lami inapokutana na uchochoro wa mafundi. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, na upande wa kushoto umebonyea kwa sababu Kamusi amekuwa akikalia hapo hapo tangu astaafu ukarani. Tunamwita Kamusi kwa kuwa hakuna asichokijua, na asichokijua anakitungia methali. Kulia kwangu kuna kibanda cha fundi saa, Lenzi, mwenye kile kioo anachokibana jichoni hata akiwa anakunywa kahawa. Katikati hukaa Gia, dereva mstaafu wa malori, mabega mapana, maneno machache. Mimi ni fundi viatu, wananiita Soli, na jina sijalikataa kwa sababu soli ndizo zilizonisomeshea watoto. Kahawa tunapika kwa zamu na kuileta kwa chupa ya chai. Siku ninayoisimulia zamu ilikuwa ya Kamusi, kwa hiyo ilikuwa nyepesi, ungeweza kuoshea glasi.

Vijiwe vingine ugonjwa wao ni mpira au siasa. Chetu ugonjwa wake ni saa za mkono, tena za Kijerumani, tena zile ambazo mtu wa kipato chetu anaweza kuziota bila kuchekwa na mkewe. Saa za mabilionea hatuzizungumzii, hazituhusu. Sisi ni watu wa Junghans, Laco, Stowa, na hawa wapya Sternglas wenye nyuso safi kama sahani iliyooshwa. Ukiniuliza nani kati yetu anayo hata moja iliyo mpya, nitakwambia nipishe nigonge misumari yangu. Lenzi amezifungua za zamani kadhaa zilizoletwa na wateja, na alichokiona humo ndani ndicho kilichotuambukiza sote.

Lakini kwa Gia hayakuwa mapenzi ya dirishani. Gia alikuwa anatafuta saa ya baba yake.

Asubuhi hiyo alikuja na daftari lake, daftari la shule lenye mistari, jalada limechubuka. Humo ameandika kwa miaka miwili majina ya saa, unene, upana wa uso, aina ya kioo, na kama inatiwa ufunguo kwa mkono au inajitia yenyewe mvaaji anapotembea. Hakusalimia kwa kirefu. Alisema leo ni leo, kwa kuwa mpwa wa Lenzi, binti aliyekuwa mafunzoni Ujerumani, anapanda ndege kesho kurudi, na mchana huu ndio nafasi yake ya mwisho kuingia dukani. Fedha alishatumiwa. Binti alikuwa anasubiri ujumbe mmoja tu: saa gani.

— Basi leo tunakata shauri, Lenzi alisema. Saa saba mchana naandika ujumbe, mpende msipende.

Kamusi akatumiminia kahawa yake ya kuoshea glasi, akasema haraka haraka haina baraka, ndiyo maana yeye hajawahi kuiamini saa ya betri, mshale unaruka kama panzi.

Hapa inabidi nieleze, maana asiyemjua mzee wake Gia hawezi kuelewa kwa nini watu wazima wanne waligombana nusu siku juu ya milimita mbili.

Mzee alikuwa mpiga king'ora wa kiwanda cha magunia. Kiwanda siku hizi ni ukuta na majani, lakini sisi tuliozaliwa mtaa ule tulilelewa na king'ora chake. Kililia mara tatu kwa siku: cha kuamka, cha kuingia kazini, cha kutoka. Cha kwanza kikilia, mama zetu wanaweka sufuria jikoni. Cha pili kikilia na wewe bado hujafika shule, usijisumbue kukimbia, fimbo imeshakuona. Cha tatu, tunaacha mpira hata kama ni penalti, kwa sababu baba zetu wanarudi. Mtaa mzima ulikuwa na saa moja, na saa hiyo ilikuwa kwenye mkono wa mtu mmoja mwembamba mwenye kofia ya kaki. Ilikuwa Junghans, ya kutia ufunguo, aliyoachiwa na fundi mitambo wa Kijerumani aliyemaliza mkataba wake. Sisi tulilitamka jina lake "Jungansi", kama jina la mjomba. Kila alfajiri mzee alisimama mlangoni akaitia ufunguo mizunguko ishirini, na watoto wake walikatazwa kuongea mpaka amalize. Gia anasema alijua kuhesabu ishirini kabla ya kulijua jina lake la ukoo. Nikikumbuka asubuhi zile nasikia uchungu, nakiri. Leo kila mtu ana saa kwenye simu na kila mtu anachelewa.

Gia alikuwa na miaka kumi na tisa siku alipokwenda kufanya mtihani wa leseni. Mzee alikuwa kalala, ni siku yake ya mapumziko, na saa ilikuwa inaning'inia kwenye msumari. Kijana akaichukua bila ruhusa, ili mtahini aone mtu wa maana. Akafaulu. Njiani kurudi akasimama kwenye bomba la mtaa kunawa grisi mikononi, na kwa kuwa alilelewa kwamba ile saa haiguswi na maji, akaivua kwa adabu zote, akaiweka juu ya ukingo wa bomba. Akanawa. Akaondoka anaimba, leseni mfukoni. Alipokumbuka na kurudi mbio, bomba lilikuwa linadondosha matone tu.

Mzee hakumpiga wala hakumfokea. Alitazama msumari, akamtazama mwanawe, akaenda zake kulala tena.

— Na kesho yake akaniuliza mimi, Kamusi alisema pale benchini, safari hii bila utani. Mzee alisimama chini ya kamba ya king'ora, mimi nikiwa karani pale dirishani, akaniambia, karani, saa ngapi? Miaka saba aliniuliza, kila asubuhi, mpaka kiwanda kilipofungwa. Hakuvaa saa nyingine.

— Na saa yako ilikuwa inachelewa, nikamkumbusha.

— Dakika nane. Kawia ufike, Soli. Mlifika.

Tukacheka, maana ni kweli, kwa miaka saba mtaa mzima uliishi dakika nane nyuma ya dunia na hakuna aliyekufa. Lakini Gia hakucheka. Alifungua daftari kwenye ukurasa uliokunjwa.

Mapambano yakaanza. Lenzi alitaka Laco, zile zenye sura ya saa za marubani, namba kubwa nyeupe juu ya weusi, mtu anasoma hata akiwa amekasirika. Mimi nilisimama na Sternglas, na sitaficha sababu: nyembamba, inapendeza na mkanda wa ngozi, na ngozi ya mkanda huo nilishaikata mimi mwenyewe, kahawia, laini, nimeipaka mafuta wiki nzima. Gia moyo wake ulikuwa Junghans, kwa sababu ndiyo iliyopotea, ila ile aliyoipenda ilikuwa imeipita akiba yake kidogo, na hiyo kidogo ndiyo iliyomnyima usingizi.

Ndipo Lenzi akaropoka kwamba saa nyingi za Kijerumani za bei ya chini, ukizifungua, mashine ya ndani imetoka Japani. Akasema si aibu, ni mashine ngumu, haina kisirani. Angejua asingesema.

— Ala, Kamusi akaweka kikombe chini. Kwa hiyo tunamnunulia mzee Mjapani aliyevaa koti la Mjerumani.

— Moyo ni moyo, Lenzi akajibu. Ukiwekewa damu hospitali, unauliza ya nani?

— Naam, nauliza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mjapani akiingia, Mjerumani ameponea wapi?

Hiyo methali sijui aliikusudia nini, na sidhani kama yeye alijua. Lenzi akajaribu kumpoza kwa kusema basi ichukuliwe inayojitia ufunguo yenyewe, mzee asihangaike na kuzungusha, kila akitembea inajaa. Kamusi akamkatia kauli: kibaya chajitembeza, chema chajiuza, saa ya kujitembeza ndiyo kibaya chenyewe, wahenga walishaiona ikija. Lenzi alivua kioo chake jichoni, kitu anachofanya akitaka kupigana.

Kutoka hapo Kamusi hakushikika tena. Alitueleza kwamba Wajerumani walijua kutengeneza saa kwa sababu ya theluji: milango ikizibwa miezi mitatu hakuna jirani wa kumuuliza muda, basi inabidi kila nyumba ijitengenezee yake. Tukakubali, inaingia akilini. Akaendelea kwamba saa ya kutia ufunguo humzoea bwana wake, ikivaliwa na mwingine inanuna na kupunguza mwendo. Lenzi akasema hiyo ni mafuta kukauka. Kamusi akasema hata mke akinuna utaambiwa ni mafuta. Mwisho akafikia kudai kwamba ile Jungansi ya mzee haikuibiwa bombani, bali ilikataa mkono wa kijana, ikajiteremsha, ikaenda kumtafuta bwana wake, na kwa kuwa haina miguu bado iko njiani.

Gia alimtazama muda mrefu.

— Kamusi, alisema kwa upole. Hiyo ndiyo nimekuwa nikiiota.

Ndipo Lenzi, kwa huruma nadhani, akaturudisha kwenye kazi. Akachukua bikari na kipande cha kadibodi, akachora duara tatu, ya milimita thelathini na nane, ya arobaini na ya arobaini na mbili, nikazikata kwa kisu changu cha ngozi. Tukazijaribu kwenye kifundo cha mkono wa Gia, moja moja, tukirudi nyuma hatua mbili kuangalia kama watu wanaotundika picha ya harusi ukutani. Kwa nini mkono wa Gia? Kwa sababu mwenyewe alisema mkono wake na wa baba yake ni mmoja, wametoka kiwanda kimoja. Ile ya arobaini ilikaa vizuri sana. Lenzi akaandika arobaini kwenye kiganja chake asisahau.

Wakati huo kwenye ncha ya benchi palikuwa na mgeni. Muuguzi mmoja wa zahanati, sare yake nyeupe, alikuwa ameniletea kiatu kilichoachia soli, na amekaa mguu mmoja peku akisubiri gundi ikauke. Nilimmiminia kahawa akainywa bila kulalamika, nikajua huyu ana malezi. Alikuwa ametusikiliza yote, kuanzia Mjapani hadi saa yenye kununa. Akazitazama zile duara za kadibodi, akautazama mkono wa Gia, mnene kama mpini wa shoka.

— Samahani kaka zangu, alisema. Huyo mzee ana umri gani?

— Themanini na sita, Gia akajibu.

— Hongera. Na anaona?

— Anaona nini?

— Mishale ya saa. Nauliza tu, wazee wengi kule zahanati wana saa mkononi, lakini muda wananiuliza mimi.

Lenzi akamtazama Kamusi. Kamusi akageukia chupa ya chai na kuitikisa. Mimi nikashika kiatu cha muuguzi nikaikandamiza soli iliyokwisha kushika. Wote tulikuwa tunamsubiri Gia, maana baba ni wake.

— Sijui, Gia alisema.

Akaanza kutueleza, na alieleza akitazama chini, kitu ambacho miaka miwili kwenye benchi moja hakuwahi kukitamka. Mzee anaishi kwa dada wa Gia, mabasi mawili kutoka hapa. Siku aliyostaafu udereva, Gia alijiapiza hatakanyaga pale mikono mitupu, atakwenda na saa, aitoe kwenye kasha, amfungie mzee mkononi yeye mwenyewe. Kisha ndiyo ataomba radhi kwa kinywa, maana hajawahi kuomba. Basi akawa anaisubiri saa. Kila Ijumaa wanaongea kwa simu, mzee anasema hatujambo, Gia anasema hatujambo. Ndiyo hivyo, miaka miwili.

Nilikasirika, nakwambia ukweli. Mabasi mawili! Nilitaka kumwambia kwamba angekwenda hata na ndizi. Lakini nikamwona anavyovishika vile vipande vya kadibodi, kwa vidole viwili, nikarudi kwenye kiatu cha muuguzi. Na sisi tulikuwa wapi? Sisi ndio tuliomshikia bikari.

— Mpigie, muuguzi akasema. Si lazima iwe Ijumaa.

Gia akatoa simu, na kwa kuwa masikio yake yaliharibiwa na injini za malori, huongea kwa spika siku zote. Tulisikia dada yake akipokea, tukasikia mlango, kuku, kiti kikivutwa. Halafu sauti ya mzee, nyembamba kuliko nilivyoikumbuka.

— Baba, shikamoo.

— Marahaba. Leo si Ijumaa. Kuna msiba?

— Hapana baba. Nakuuliza. Macho yako yanaonaje?

— Macho yalikwenda zake, mwanangu. La kushoto lilitangulia, la kulia likalifuata baada ya mvua za mwaka jana. Sasa naona mwanga na kivuli. Nilimkataza dada yako asikwambie, hayo si mambo ya kwenye simu.

Gia alifunga macho yake.

— Nilikuwa nakutafutia saa, baba.

— Saa ya nini, na mimi sina king'ora cha kupiga?

— Badala ya ile. Niliiacha bombani, baba. Nilinawa nikaisahau. Sijawahi kukwambia, nisamehe.

— Ile, mzee akasema, na tukamsikia anacheka kidogo, kikohozi na kicheko pamoja. Siku ile ulifaulu leseni. Ulikuja unaimba, nikakusikia toka kona ya msikitini, nikajua kijana kafaulu. Mimi siku ile naikumbuka kwa hilo. Mpaka leo nikikaa barazani nausikiliza ule wimbo, ila maneno yamenitoka. Ulikuwa wimbo gani?

Lenzi, ambaye hana tabia ya kugusa vitu vya watu, alilichukua lile daftari kwenye mapaja ya Gia, akalifunga. Kisha akatoa simu yake na kuandika ujumbe kwa mpwa wake, na kwa kuwa nilikaa naye bega kwa bega nilisoma. Alimwambia asitazame jina wala sura. Aingie dukani, aombe zote za kutia ufunguo anazozimudu, aziweke sikioni moja moja, achukue inayolia vizuri kuliko wenzake, na ndogo, kwa mkono mwembamba. Alipomaliza akalifuta arobaini kiganjani kwa mate.

— Unanisikia? mzee alikuwa anauliza kule. Mimi sina haja na mzigo. Nakuuliza wewe. Unakuja lini?

Gia ni mtu anayejua kwa kichwa unene wa saa ishirini na tatu, mpaka sehemu ya kumi ya milimita. Alitutazama mmoja mmoja, kama vile mmoja wetu ameliandika jibu mahali. Kamusi alifungua mdomo, na nikaomba Mungu isiwe methali, na Mungu akasikia, Kamusi akaufunga.

— Nipo njiani, baba, Gia akasema.

Alikuwa bado amekaa kwenye benchi letu, kikombe mkononi. Akakiweka chini, akasimama, akavuka barabara kuelekea kituoni.